Siku Tuliyomkaba Kungwi

Mimi ukocha sikuutaka. Nalisema mapema kwa sababu hapa Masasi watu wana tabia ya kukutwika mzigo, halafu wakikuona unahema wanakuuliza, si ulitaka mwenyewe? Mimi ni mwalimu wa hisabati katika chuo cha ualimu, mzaliwa wa Lupaso, na siku mkuu wetu wa chuo alipotangaza kikaoni kwamba tumepewa msaada wa mipira ya kikapu nilikuwa nimejikalia nyuma nasahihisha majaribio. Akauliza nani anaujua mchezo huo. Macho yakaanza kuzunguka, na kwa kuwa mimi ni mrefu kuliko walimu wote pale, wanaume kwa wanawake, yakaja yakatua kwangu. Nikasema niliwahi kucheza kidogo sekondari, zamani sana, na sheria nyingi nimezisahau. Mkuu akasema basi, tumepata kocha wa wasichana, na kikao kikahamia kwenye habari za matundu ya choo.

Hivyo nikawa kocha wa kwanza wa mpira wa kikapu chuoni kwetu, na kama kuna aliyenitangulia katika wilaya nzima, basi hajajitokeza kunisaidia. Filimbi nilijinunulia. Wavu nilisuka mwenyewe kwa kamba za katani, nikauanika uani, mbuzi wa mlinzi akautafuna wote. Nikasuka mwingine. Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya zege ya bwalo ambalo fedha zake ziliishia kwenye sakafu, na sakafu hiyo, jamani, ilikuwa na wenyewe. Korosho zikianza kudondoka, kila mwenye mikorosho jirani na chuo aliona pale ndipo pa kuanikia. Nilifika siku moja na wasichana wangu wamefunga raba vizuri, nikakuta korosho zimetandazwa kutoka mlingoti huu hadi ule, na mke wa mwalimu mwenzangu amekaa chini ya kikapu na fimbo, anafukuza kuku. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba hapa ni uwanja wa michezo. Akanitazama kwa huruma, akasema korosho ikilowa inashushwa daraja, na mpira je, nao ukilowa unashushwa daraja? Tukaenda kufanya mazoezi mchangani, na mpira wa kikapu mchangani haudundi hata ukiupigia magoti.

Lakini nilinogewa. Sijui hata ilianza lini. Wale wasichana walikuwa wakitoka darasani wanatumwa maji, wanatumwa jikoni, wanatumwa kufagia nyumba za walimu ambao wana mikono yao mizima, na jioni ile saa moja ya uwanjani ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuwatuma, maana mimi nilikuwa nimesimama pale na filimbi na kila mtu chuoni anaujua mdomo wangu. Nikaanza kuipenda timu ile kuliko nilivyotaka watu wajue. Na ilikuwa nzuri, wallahi. Walikimbia, walirushiana mpira bila kugombana, walijua kukaba. Mazoezini ungewaona ungesema hawa watamaliza kila timu.

Shida ni kwamba timu ya kumaliza ilikuwa moja tu. Katika pande zetu hizi, wanawake wengine waliokuwa wakicheza kikapu walikuwa wa Newala, kule juu: manesi, walimu wa shule za msingi, na karani mmoja wa mahakama mwenye miguu myepesi. Tulikutana nao mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, kabla watu hawajapotelea mikoroshoni. Mwaka huu wanashuka wao, mwaka ujao tunapanda sisi. Na kila mwaka, washuke tupande, tulifungwa. Tulifungwa na mtu mmoja.

Alikuwa nesi, anaikaribia hamsini, si mrefu, mpana, mwenye kitenge alichokifunga kiunoni juu ya suruali ya michezo na hakukivua hata jua liwake vipi. Mchezo wake ulikuwa mmoja. Anasimama chini ya kikapu, anarushiwa mpira, anaudaka, anageuka polepole kama mtu anayegeuza ugali wa shughuli, anautia. Basi. Hakimbii, harudi nyuma kulinda, hana kingine. Mtoto wa darasa la nne angemzuia. Mechi ya kwanza kabisa nilimpanga beki wangu hodari amkabe, msichana ambaye mazoezini alikuwa akizuia hata mipira yangu. Nesi akapewa mpira. Yule msichana wangu akashusha mikono, akapiga goti kidogo, na mdomo wake nikausoma kutoka kule nilikosimama. Alisema shikamoo. Nesi akaitikia marahaba huku anatia mpira kapuni. Filimbi ilikuwa mdomoni, kidogo niimeze.

Mapumziko nikawaweka kitako. Nikauliza mna nini nyie, mmelogwa? Wakatazamana. Mwishowe nahodha akanieleza, kwa sauti ile ya kumweleza mtoto, kwamba yule mama kabla hajahamia Newala kwa mumewe aliishi miaka mingi Lulindi, na ndiye aliyekuwa kungwi wao. Alikuwa anaitwa kila mahali, Lulindi na vijiji vya jirani, mpaka Lukuledi, nyumba za Waislamu na nyumba za Wakristo, maana hata sisi wa kanisani tuna unyago wetu wenye sala ndani yake. Hata wakati ule, kila likizo ndefu, alikuwa anaombewa ruhusa kazini na kuja kuchukuliwa ili akaingie ndani na wali, yaani wasichana wanaochezwa unyago. Nusu ya wachezaji wangu walipita mikononi mwake. Aliwalisha, aliwaogesha, aliwafunza yale ambayo hayasemwi uwanjani.

Nikawaambia vizuri sana, hongereni, sasa mkabeni. Nahodha akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

"Mwalimu," akasema, "ninyanyue mkono juu ya kichwa cha kungwi wangu?"

Ndiyo, mama, ndivyo mchezo unavyochezwa. Mikono inanyanyuliwa. Kama mikono haitakiwi kunyanyuliwa wangetupa mpira wa kuchezea tumekaa. Nilisema sana siku ile. Wakaitikia wote, ndiyo mwalimu, sawa mwalimu, wakarudi uwanjani, wakamwachia tena. Wale ambao hawakuwa wali wake nao wakaona haya kuonekana hawana adabu kuliko wenzao, wakamwachia pia. Ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Mtu mmoja akipiga goti, wa pili atatafuta sababu ya kupiga goti.

Nilijaribu kila kitu. Nilichukua nguzo ya mti, nikaifunga kitenge, nikaisimamisha chini ya kikapu, nikawaambia huyu ndiye yeye, rukeni. Wakacheka mpaka wakakaa chini, halafu wakaruka vizuri sana, maana nguzo haikuwacheza unyago. Nilimwomba mpishi wa chuo, mwanamke mpana vilevile, aje asimame badala yake. Wakamkaba hadi mpishi akanuna na jioni ile maharage yakawa mabichi. Nilihubiri kuhusu kazi na heshima, kwamba vina mahali pake na wakati wake. Chuo chetu ni cha miaka miwili, kwa hiyo kila nikimaliza kuwafunza hawa, wanaondoka, wanakuja wengine kutoka vijiji vilevile, na nesi anawaitikia marahaba.

Mwaka mmoja Mungu akaniletea msichana kutoka Shinyanga. Mrefu, ana mabega, na kwao unyago wanausikia redioni. Nikasema sasa wewe ndiye dawa. Siku ya mechi akaamka na malaria. Akaja uwanjani amejifunika shuka, akakaa upande wa wageni kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kivuli, karibu na kijana aliyeliendesha gari la Newala. Nikamwona wanaongea, sikutia maanani, nilikuwa na yangu yananichoma. Mwaka uliofuata nikampanga mbele kabisa. Akaniomba tuongee pembeni, akainamisha kichwa, akasema mwalimu, mama mkwe nitamkabaje? Yule kijana alikuwa mtoto wa nesi. Mahari ilikuwa imeshapelekwa Shinyanga. Niliondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya darasa peke yangu, kwa maana ningebaki ningesema neno ambalo mwalimu hasemi.

Baada ya mechi hiyo ndipo mkuu wa chuo akaniita ofisini. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akasema walimu wanalalamika kwamba hawana pa kuhifadhia korosho zao, na kwamba ile sakafu ikipandishiwa kuta kidogo na kupigwa bati ni ghala tosha. Akasema yeye hana ugomvi na michezo. Lakini timu isiyoshinda hata siku moja ataitetea vipi kikaoni? Tukakubaliana, au niseme alikubaliana, mimi nikiwa nimesimama pale: mwaka unaofuata Newala wanashuka kwetu. Tukishinda, uwanja unabaki uwanja. Tukifungwa tena, timu imekwisha na mafundi wanaingia.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Mwaka huo nilikuwa na timu bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na katikati yake binti mmoja wa Lulindi, mtulivu, mikono mirefu ajabu, ambaye akiruka unaona kama amesahau kurudi chini. Naye alikuwa mwali wa nesi. Nilijua tangu mwanzo nikamkalia kimya, sikumuuliza hata swali. Halafu nikaona hapana, ujinga huu una mwisho. Kama wasichana hawataki kumzuia yule mama, basi nitaenda kwa yule mama mwenyewe.

Nikapanda Newala kwa bodaboda asubuhi moja ya ukungu, baridi imenishika magoti. Alikuwa anakaa nyuma ya hospitali. Akanipokea kama ndugu, akaniletea kiti, akanipikia chai, akaniuliza habari za nyumbani, za chuoni, za wasichana mmoja mmoja, na kila nilipofungua kinywa nianze langu akanisukumia sahani ya mihogo. Yeye alikuwa ananiita mwalimu, mimi namwita dada. Nikaona nisipolisema nitarudi Masasi nimeshiba tu. Nikalisema. Nikamwambia dada, nakuomba jambo moja kati ya mawili. Ama usicheze mwaka huu, ama uwaruhusu wasichana wangu wakukabe. Nikamweleza habari ya ghala, na jinsi wanavyoshusha mikono, wanavyopiga magoti, wanavyokupisha.

Alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Wananipisha?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa, na laiti ningeelewa nikiwa bado Masasi. Hakuwa anajua. Miaka yote ile yeye alidhani anafunga. Alidhani yale magoti ni salamu tu, salamu za kawaida ambazo mtu huzipata hata akiwa sokoni, na kwamba mipira ile alikuwa anaitia kwa uhodari wake. Mwanamke aliyeanza mchezo akiwa mtu mzima, ambaye mumewe alimcheka alipovaa suruali ya michezo mara ya kwanza, na ambaye kila mwezi wa nane alirudi nyumbani na ushindi. Nikatamani ardhi inimeze. Nikaanza kutafunatafuna maneno, nikasema si wote, dada, si kila mara. Akaninyamazisha kwa mkono.

Akageuka akatazama ukungu mlangoni. Mwisho akasema mechi hatakosa, hata kidogo. Atashuka, na atawaachia wasichana wamkabe, kwa sababu naye sasa anataka kujua kama anaweza. Lakini akasema haitoshi mimi kurudi na kuwaambia kwamba amekubali, hawatanisikiliza. Lazima wamwone mwenyewe. Akaniambia nenda, mwalimu, hilo niachie.

Siku ya mechi watu walijaa kuliko nilivyowahi kuona. Habari ya ghala ilikuwa imeenea, kwa hiyo wenye korosho walikuja kutuombea tufungwe, na wazazi wa wasichana walikuja kutoka Lulindi na Lukuledi, akina mama hasa, wamejipanga pembeni na khanga zao. Kabla ya refa kupuliza, nesi akaingia katikati ya uwanja peke yake, akawaita wasichana wangu wote. Wakamzunguka, wakapiga magoti. Akawaambia wasimame. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akafungua kile kitenge kiunoni, mbele ya kadamnasi, akakikunja, akakipeleka hadi kwenye mlingoti wa kikapu, akakitundika kwenye msumari.

"Kungwi wenu ni yule pale juu," akasema. "Mpaka nitakapomvaa tena, mimi ni mchezaji wa Newala. Anayenipenda anikabe."

Wale akina mama pembeni wakaguna. Nilisikia vizuri kabisa ile miguno, ila wakati ule nilikuwa na furaha mno hata sikuitilia maanani.

Wakamkaba. Loo, walimkaba. Mpira wa kwanza alioudaka, binti wa Lulindi akaruka akaupangua hewani, ukaenda mpaka kwenye miguu ya wazazi. Nesi akasimama anatazama mikono yake mitupu. Halafu akacheka, akapiga makofi, akarudi mahali pake. Mpira wa pili, vilevile. Wa tatu alianguka chali, na binti akasita, akataka kumwinua, mimi nikapiga kelele acha, cheza. Nesi mwenyewe akamfukuza kwa mkono, nenda zako. Alijaribu kila namna yule mama siku ile. Aligeukia kushoto, mahali ambapo hajawahi kugeukia maishani mwake. Alijaribu kukimbia. Alilowa jasho, magoti yake yakawa na vumbi la zege, na hakupata hata kikapu kimoja, huku wasichana wangu wanafunga kule upande wa pili na mimi nimepaza sauti hadi imekauka.

Tulikuwa tunaongoza kwa mbali zikiwa zimebaki dakika chache sana. Karani wa mahakama akamrushia nesi mpira. Akaudaka, akageuka polepole kwa ule mtindo wake wa zamani, na binti wa Lulindi alikuwa mbele yake, mikono yote miwili juu. Nilikuwa karibu, upande wa mstari, hakuna kilichonikinga. Nikauona mkono wa kulia wa yule binti ukishuka. Haukushuka sana, kiasi cha kiganja tu. Mpira ukapita hapo, ukagonga chuma, ukaingia.

Nikafungua mdomo nimkaripie, mwaka mzima nimemfundisha asishushe mkono ule. Nesi alikuwa anaruka. Mama mzima wa karibu hamsini, anarukaruka chini ya kikapu, amewakumbatia wenzake, ungedhani wao ndio walioshinda. Nikaufunga mdomo wangu. Binti wa Lulindi akarudi kwenye nafasi yake bila kunitazama, na mimi sikumuuliza siku ile wala baadaye. Ameshahitimu, yuko anafundisha huko mbali.

Basi tukashinda. Mkuu wa chuo akatimiza neno lake, mafundi hawakuja, na wenye korosho wakaninunia hadi kwenye misiba. Nikajiona nimemaliza kazi. Nilisahau kwamba hapa kwetu kazi haiishi, inabadilisha tu mlango wa kuingilia. Mwezi wa nane uliofuata ilikuwa zamu yetu kupanda. Nikapiga simu Newala kupanga siku. Karani wa mahakama akaniambia, kwa sauti ya baridi, kwamba timu haipo. Nesi ameacha kucheza, na bila yeye wengine wamekata tamaa, kila mtu ana shughuli zake. Nikampelekea mkuu habari hizo. Akakuna kidevu, akasema sasa mwalimu, timu ambayo haina wa kucheza naye ni timu ya nini? Na akaanza tena, taratibu, na habari za bati.

Ningekuwa na nywele ndefu ningezing'oa. Nikapanda tena Newala.

Safari hii nesi alikuwa amekaa barazani, mbele yake sinia la ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa na chumvi. Akanikaribisha tule pamoja. Nikamwambia sikuja kula, halafu nikala, kwa sababu ming'oko ni ming'oko. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini ameacha. Nikadhani ni goti, au mume, au kazi. Akaendelea kuchambua sinia, akatafuta mng'oko mnene, akanisogezea.

"Likizo iliyopita sikuitwa," akasema. "Lulindi hawakuniita, Lukuledi hawakuniita. Hata nyumba moja."

Akanieleza bila uchungu wowote, jambo lililonipandisha hasira mimi badala yake. Wale akina mama waliosimama pembeni siku ile walirudi vijijini wakasimulia. Kungwi amevua kitenge mbele ya wanaume. Kungwi ameangushwa chali na mwali wake, na mwali hakumwinua. Mtu wa namna hiyo ataingiaje ndani na binti yangu, amfunze heshima ipi? Wakatafuta mwingine, wa kutoka Nanyamba huko, ambaye hajawahi kushika mpira. Nesi alikuwa amepata habari hizo kwa mkwewe, yule Msukuma wangu wa Shinyanga.

Nikawaka. Nikasema nitakwenda Lulindi mwenyewe, nitasimama baada ya ibada niwaambie hao wanawake ukweli, kwamba walikuwa hawastahili hata kukushikia viatu, kwamba ulifanya vile kwa ajili ya watoto wao. Nilisema mengi, mengine siyakumbuki, mengine nayakumbuka na siyaandiki. Akaniacha nikamaliza. Akaniuliza nitawaambia nini hasa, kwamba kitenge hakikufunguliwa? Kilifunguliwa, na yeye ndiye aliyekifungua. Akasema hajutii kwa sehemu kubwa. Usiku mwingine anajuta, kukicha inapita.

Nilikuwa nimekuja kuomba. Ningemwambiaje mtu ambaye nimemwondolea kila kitu kwamba arudi uwanjani aniokolee zege langu? Yeye ndiye aliyeanza.

"Ila kile kimoja nilikifunga, mwalimu," akasema, na sasa akanitazama, na uso wake ukawa na kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mzima. "Cha mwisho kile. Huyu binti alikuwa amesimama mbele yangu na mikono yote. Wewe ulikuwa karibu, uliona. Mume wangu naye alikuwepo, anasema waliniachia. Mimi nasema nilikifunga. Wewe ndiye unayejua mpira. Niambie."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi mdomo wangu unajulikana kutoka Masasi hadi huku, sijawahi kumwachia mtu neno, mkuu wa chuo mwenyewe ananikwepa. Nikamlaani kimoyomoyo yule binti wa Lulindi na mkono wake, nikamlaani na mume wa nesi kwa kuona vizuri akiwa mbali vile.

"Ulikifunga, dada," nikasema. "Hakuna aliyekuachia. Mimi nilikuwa hapo."

Akashusha pumzi. Akakaa hivyo, mikono mapajani, anatikisa kichwa kidogo kidogo, anatabasamu peke yake. Kisha akasema kama cha kwanza amekipata kwa haki, basi cha pili hakiko mbali, akipata mtu wa kumfundisha kugeukia kushoto. Akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anavuta masanduku chini ya kitanda, anamuuliza mjukuu raba zake ziko wapi. Akanipazia sauti kutoka huko huko kwamba nimwambie mkuu wangu mwezi huu huu tupande, na wasichana wangu waje wamejiandaa, maana sasa anawajua.

Nikamwitikia sawa, dada. Nikainamia sinia nikaendelea kula, ili akitoka asiusome uso wangu.